Mwalimu wa Mpira Uliokosa

Kwa miaka ishirini na tisa Delmar Voyles alifundisha jambo moja tu la mpira wa kikapu, nalo ni kuokota. Wenzake walifundisha kufunga. Yeye alifundisha namna ya kuupata mpira pale mwenzako anapotupa akakosa. Chuo cha Brandt kiko kusini mwa Indiana, na huko mtoto huangikiwa kikapu ukutani mwa ghala kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kila mtu anataka kuwa mfungaji, na hakuna mama anayemwombea mwanawe awe mwokotaji. Basi Delmar alipewa vijana warefu na wazito, wale ambao hawakujaliwa shabaha, akaambiwa afanye nao awezavyo.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kifuniko. Alikikata mwenyewe kutoka pipa la plastiki la chumvi ya ng'ombe, akakitoboa pembeni, akakifunga kwa kamba nne juu ya chuma cha kikapu ili mpira wowote utakaotupwa usiingie. Kila siku ya mazoezi alipanda ngazi akakifunga, na kila mwaka vijana wapya walisimama chini wakicheka.

"Kocha, sasa tutafungaje?"

"Hamtafunga. Kwangu hapa kila mpira umekosa. Acheni kuutazama kama harusi inapita, kimbilieni unakoangukia."

Akawafundisha kwamba mpira una kwao. Ukitupwa kutoka pembe ya kulia, mara tatu kati ya nne unaangukia kushoto. Ukitupwa kutoka mbali, unaruka mbali. Walipokwisha kulijua hilo, aliwageuza wakakipa kikapu mgongo na kusikiliza. Chuma kikilia "ta", mpira uko karibu. Kikilia "go", rudi nyuma hatua mbili. Wapo waliomwona kichaa. Lakini kijana aliyekaa naye mwaka mzima alikuwa anafika mahali kabla ya mpira, na waliokuwa wakimcheka Delmar walianza kusema kijana ana kipaji.

Sheria yake ya mwisho ilikuwa fupi. Ukiupata, usiushushe hata ufike kifuani. Umeupata juu, basi rudi nao juu, uutie. "Rudi nao!" alipiga kelele toka mlangoni, toka juu ya ngazi, toka popote alipokuwa. "Sisi ni watu wa makombo," aliwaambia. "Wenzetu wanakula mezani, sisi tunakula kilichodondoka. Na mtu wa makombo halali njaa."

Yeye mwenyewe aliwahi kuichezea Brandt ujanani, mtoto wa mkata mawe, na jina lake halikuandikwa gazetini hata mara moja. Hilo halikumuuma. Alimwoa Arlene wa maktaba ya chuo, mwanamke aliyeuchukia mpira waziwazi na kuhudhuria kila mechi akifuma sweta. Hawakujaliwa watoto. Walikuwa na wale warefu, ambao walikuja Jumapili kula na kuvunja viti.

*

Miaka minne kabla ya mechi tutakayoisimulia, Delmar aliendesha gari mpaka shambani kwa akina Wininger kumtafuta Colby. Kijana alikuwa na miaka kumi na minane na urefu wa futi sita na inchi tisa. Alikaa mezani magoti yakiinua meza, akiiangalia mikate ya mama yake kwa aibu. Chuo kingine, kikubwa kuliko Brandt, kilikuwa kimeshamwita.

Mama yake, Trudy, aliendesha basi la shule. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Alimsikiliza Delmar akieleza habari za masomo, za bweni, za makombo, mpaka Delmar akaishiwa.

"Kocha Voyles, mimi si mtu wa maneno mengi," akasema. "Atacheza?"

"Atacheza, mama."

"Kila kocha anasema hivyo."

"Wengine wanasema. Mimi ndiye nitakayekuwa naye kila siku, mkono kwa mkono, mpaka amalize. Sitamwacha."

Trudy akakata kipande cha pudingi ya pasimoni, tunda la porini la kule, nyeusi na nzito, akamsogezea. "Basi kula."

Na ahadi ilitimia, kwa miaka miwili. Mwaka wa kwanza Colby alijifunza kusikiliza chuma. Mwaka wa pili aliokota mipira iliyokosa kuliko kijana yeyote wa ligi yao, akiirudisha juu kwa ile mikono mirefu kabla wapinzani hawajageuka. Trudy alikuja na koti lake la basi, akakaa bila kupiga kelele, mikono mapajani. Baada ya kila mechi alimwinamishia Delmar kichwa kidogo. Delmar alikuwa akiishi kwa kile kichwa kilichoinamishwa. Alisema hivyo mwenyewe kwa Arlene, na Arlene akamwambia anazeeka.

Kisha kocha mkuu akastaafu, akaletwa Tanner Rusk.

Tusimwonee Rusk. Alikuwa na miaka thelathini na minne, hakuwa mlevi, hakuwa na matusi, na alipenda ushindi kama watu wengine. Alikuja na kompyuta na mpira wa wafupi. Watu watano wa kimo kimoja, wote wepesi, wote wanatupa kutoka mbali, wala hakuna anayeishi chini ya kikapu. Mpira ukishatupwa, hakuna kubaki kuugombania, wote mbio kurudi kulinda. Kwa hesabu yake, kila ukibaki kuokota makombo, wenzako wamekwisha kimbilia chakula chako. Na ilifaa. Mwaka ule wa kwanza walishinda mechi ambazo Brandt haikuzishinda miaka kumi. Warefu walikaa benchi na Colby akakaa pamoja nao.

Rusk alimwita Delmar ofisini.

"Mzee, nisikilize. Sikufukuzi."

"Sijasema unanifukuza."

"Lakini ile ya kurudi nao juu, basi. Anayeokota chini ya kikapu amezungukwa na watu watatu, si ndiyo? Maana yake kuna mtu wetu pembeni yuko peke yake. Autoe huko nje. Kutoka huko ni pointi tatu, na tatu ni zaidi ya mbili."

"Na kijana akijikuta hana mtu mbele yake?"

"Hatajikuta. Namba zinasema hajikuti."

"Hizo namba zako zimewahi kupigwa kiwiko cha pua?"

Rusk akacheka kweli, kwa maana alimpenda mzee. Kisha akaacha kucheka. "Ukiweza kufundisha hivyo, nafasi yako ipo miaka yote. Ukiona huwezi, niambie mapema nitafute mwingine. Sitakasirika."

Delmar angeweza kuinuka pale. Alikuwa na maneno yote mdomoni. Lakini figo za Arlene zilikuwa zimekufa, alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima iliyolipia ilikuwa ya kazi ya Delmar. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Delmar akaubusu. Mchana huo alipanda ngazi, akakata zile kamba nne, akakitupa kifuniko stoo nyuma ya mikeka.

Likaja neno jipya: "Toa!" Ukiupata, toa. Usitazame juu, tazama pembeni, toa. Colby alikuwa mgumu kubadilika. Si kwa ubishi, mikono yake ndiyo ilikataa. Kila alipoupata mpira, mikono ilirudi nao juu yenyewe, na kila iliporudi Delmar alipuliza filimbi.

"Kocha, lakini mwaka jana ulisema—"

"Mwaka jana ni mwaka jana."

"Na kama sina mtu mbele yangu? Kama kikapu hiki hapa?"

Delmar akatupa jicho ng'ambo ya uwanja. Rusk alikuwa amesimama, mikono kifuani, anasikiliza.

"Toa," akasema.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Alijua ni uongo wakati ule ule anausema. Hakuna mwokotaji mwenye akili anayetoa mpira akiwa peke yake chini ya kikapu. Lakini aliusema, na akaurudia siku iliyofuata, na iliyofuata. Ilichukua mpaka Krismasi kuivunja ile mikono. Siku Colby alipotoa mara thelathini mfululizo bila kukosea, Rusk alimpiga Delmar begani akamwambia kazi nzuri. Delmar alikwenda kukaa ndani ya gari lake na hakuwasha injini kwa muda mrefu.

Kijana angeweza kuhama. Siku hizi wanahama kila mwaka, na vyuo viwili vilikuwa vimeshaulizia. Alikuja kwa Delmar kuomba ushauri.

"Nibaki au niende, Kocha?"

"Wewe unaonaje?"

"Mama anasema wewe uliahidi. Ukisema nibaki, nitabaki."

"Baki," Delmar akasema. "Mambo yatabadilika."

Hayakubadilika. Na Delmar hakuwa na sababu ya kuamini kwamba yatabadilika, ila alijua kwamba Colby akiondoka, yeye hatabaki na mtu hata mmoja wa kumfundisha.

*

Kule kuna desturi ya Siku ya Wahitimu. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani, vijana wanaomaliza chuo wanatembea na wazazi wao mpaka katikati ya uwanja, mama anapewa ua, na vijana hao ndio wanaoanza mechi, hata yule aliyesugua benchi mwaka mzima. Wazazi siku hiyo hukaa nyuma ya benchi la timu. Kocha anayeivunja desturi hii hatapata mtu wa kumsalimia dukani.

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa nane mchana, theluji chafu imerundikwa kando ya njia. Trudy alitembea na mwanawe, kichwa chake kikifika kwenye kiwiko cha Colby. Alipokea ua, akalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Rusk alimwanzisha Colby kama desturi inavyotaka, na filimbi ya kwanza ilipolia, sekunde arobaini baadaye, akamtoa. Watu wakapiga makofi ya heshima. Colby akakaa, akajifunika taulo magotini.

Mechi yenyewe haikuwa ya heshima. Atakayeshinda anakwenda mashindano ya ligi, atakayeshindwa msimu wake umekwisha pale pale. Zilipobaki sekunde tatu Brandt walikuwa nyuma kwa pointi tatu, na mchezaji wao mmoja, Tolbert, alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza akautia. Nyuma kwa mbili. Rusk akaomba mapumziko.

Hapo ndipo mpira wa kikapu unapochekesha, kama una moyo wa kucheka. Kuutia wa pili hakusaidii kitu. Inabidi Tolbert akose kwa makusudi, augonge mpira kwenye chuma, halafu mwenzake auokote na kufunga kabla ya king'ora. Kazi ya makombo kabisa. Rusk aliwaeleza, kisha akawatazama wafupi wake watano, nao wakatazamana. Mwaka mzima hawakuwahi kuihitaji kazi hiyo.

"Mzee," Rusk akamgeukia Delmar. "Anaweza?"

"Anaweza," Delmar akasema.

Colby akavua fulana ya juu. Delmar alikuwa na maneno mia ya kumwambia. Alimgusa sikio tu.

"Sikiliza chuma."

Ukumbi ulikuwa na watu elfu mbili na ngoma moja kubwa. Tolbert akautupa mpira bapa na kwa nguvu. Chuma kikalia "ta". Colby alikuwa ameshaondoka kabla hakijamaliza kulia, akapita baina ya wapinzani wawili waliokuwa wakitazama juu kama harusi inapita, akaudaka kwa mikono miwili juu ya vichwa vyao wote. Kikapu kilikuwa mbele yake umbali wa mkono. Hapakuwa na mtu. Kurudi nao tu, mechi sare, wanaongezewa muda.

Delmar aliona yote hayo. Aliyaona vizuri kuliko mtu yeyote ukumbini, maana aliyangoja miaka miwili. Na mdomo wake ukafunguka, ukasema neno ambalo ulikuwa umelisema kila siku kwa miaka hiyo miwili.

"Toa!"

Mazoea yana tabu. Mikono ya Colby ikakunjika, mpira ukaruka kwenda pembe ya kulia, kwa mwenzake aliyekuwa peke yake kama namba zilivyosema. Akaudaka, akajipanga, na king'ora kikalia mpira ungali viganjani mwake. Akautupa. Ukaingia bila kugusa chuma. Nusu ya ukumbi iliruka. Mwamuzi alikuwa ameshaanza kupunga mikono kwamba haihesabiki.

*

Chumba cha kuvalia kilinuka jasho na maji ya machungwa. Rusk hakugomba. Alichuchumaa mbele ya Colby, akauliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kugomba.

"Ilikuwaje, kijana? Ulikuwa peke yako."

Colby alikuwa amekaa, taulo shingoni. "Sijui, Kocha. Sikukiona kikapu."

Delmar alikuwa mlangoni, amebeba mfuko wa mipira. Ilikuwa zamu yake kusema. Wachezaji wote walikuwa pale, na neno lenyewe lilikuwa moja. Alingoja mtu mwingine aanze kuzungumza, na mtu akaanza, na zamu ikapita. Njiani kwenda nyumbani alijiambia kwamba kelele zilikuwa nyingi. Hakuna aliyesikia. Pengine hata kijana mwenyewe hakusikia, pengine alitoa kwa akili yake. Alijiambia hivyo mpaka akawa anaweza kulala.

Colby alimaliza masomo Mei, akarudi nyumbani, akapata kazi ya kupeleka chakula cha mifugo mashambani. Na watu wa kule wana ulimi. Hawachukii, wanatania tu, lakini wanatania mpaka mfupani. Walimwita Mkarimu.

"Mkarimu, nisogezee hiyo chumvi. Najua wewe ukipata unatoa."

"Mwacheni, jamani. Hata mshahara wake anampa jirani."

Delmar aliyasikia hayo mwenyewe, katika mkahawa wa njiapanda, ameshika mkate wake wa nyama ya nguruwe iliyopondwa hadi ikaizidi sahani. Colby alikuwa kaunta, mgongo umeinama, anacheka pamoja nao. Alimwona Delmar. Akamwinulia mkono kidogo. Delmar akauinua wake, akaacha chakula, akatoka. Alijichukia siku hiyo kwa namna ambayo hakuwahi kujichukia. Lakini kesho yake ilikuwa siku ya Arlene kusafishwa damu, na alimpeleka, na hakusema kitu.

Arlene alifariki Agosti. Aliondoka usingizini, sweta la mtu wa futi saba likiwa limefikia kwapa.

Waliobeba jeneza walikuwa wale warefu, sita, wa miaka tofauti. Walilibeba juu mno, ikabidi mchungaji awanong'oneze wainame mlangoni. Wa mbele kushoto alikuwa Colby. Baada ya maziko wanawake walileta vyakula chini ya kanisa, kila chombo kimebandikwa chini utepe wenye jina la mwenyewe ili kirudishwe. Hiyo nayo ni desturi. Mfiwa akishatulia, anaosha vyombo vya watu na kuvipeleka nyumba kwa nyumba, anakaa kidogo, anashukuru. Delmar alipeleka vyote kwa wiki mbili, isipokuwa kimoja. Sahani ya kioo iliyokuwa na pudingi ya pasimoni, iliyopikwa kwa matunda ya barafuni maana Agosti hayapo. Chini imeandikwa WININGER. Ilikaa juu ya friji Septemba yote.

Oktoba, asubuhi ya mazoezi ya kwanza, alikwenda ofisini kwa Rusk, akamweleza bila kukaa. Kwamba ni yeye aliyepiga kelele, na kwamba anaacha kazi. Rusk akafunga kompyuta yake.

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Nilihitaji kazi. Kwa ajili ya Arlene."

"Delmar, lile neno lilikuwa langu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Ungeniambia siku ile ile, ningekwenda mbele ya waandishi niseme mimi ndiye niliyeamuru. Ulidhani ningekufukuza kwa kufundisha nilichokutuma?"

Ndivyo Delmar alivyodhani. Miezi minane alikuwa amemficha kijana wa watu nyuma ya hofu isiyo na kichwa.

Akaichukua sahani, akaenda.

Trudy alikuwa barazani, ndoo ya pasimoni zilizoanguka iko miguuni, anazikamua mbegu. Ukutani mwa ghala kikapu cha Colby hakikuwapo tena. Yalibaki matundu manne ya misumari na alama ya kutu.

"Sahani imekaa," Trudy akasema.

"Imekaa, mama. Nisamehe." Alibaki chini ya ngazi, ameishika kwa mikono miwili. "Kuna jambo. Siku ile, Colby hakukosea. Ni mimi niliyemwambia autoe. Nilipiga kelele."

Trudy aliendelea kukamua. "Nilikuwa nyuma yako safu ya pili, Kocha. Goti langu lilikuwa kwenye kiti chako."

Delmar akafumba macho.

"Nilitaka kulisema pale pale, mbele ya watu. Colby akanishika mkono. Akasema, mama, mke wake mgonjwa, wakimfukuza atatibiwa na nini? Nikanyamaza. Nilikuwa ninapita na basi langu, nasikia watoto nyuma wanamwita mwanangu Mkarimu, na mimi nimenyamaza." Akajifuta mikono. "Colby alisema utakuja mwenyewe kabla ya Pasaka. Mimi nilisema huji. Siku tulipomzika Arlene nikajua sasa utakuja, maana sasa haikugharimu kitu."

"Na bado mlikuja mazikoni. Mkaleta chakula."

"Arlene hakutukosea."

Lori la chakula cha mifugo likaingia uani. Colby akashuka, mrefu kuliko mlango aliotokea, akamwona Delmar na sahani, akamtazama mama yake, akaelewa. Alikuja polepole. Hakuwa na hasira usoni, na Delmar angetoa chochote aione hasira.

"Kocha."

"Kijana wangu, nimesema. Nimemwambia Rusk, na nitakwenda mkahawani niwaambie wote—"

"Acha, Kocha. Wameshazoea." Colby akaegemea nguzo. "Wanadhani niliogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nimeshaanza kurudi nao." Akainua mikono yake juu ya kichwa, viganja wazi, kama mpira ungali pale. "Nilikuwa nakiona kikapu vizuri tu. Halafu nikasikia toa. Ingekuwa sauti ya Rusk, haki ya Mungu ningejifanya sikusikia."

Akashusha mikono.

"Lakini ilikuwa yako."

Trudy alirudia ndoo yake. Delmar alikuwa bado ameshika sahani, na hakuona pa kuiweka.